Weusi wa pombe haiko damu: Tembo, Turbo na Guinness mbele ya ulimi

Siku ya posho jioni, katika nganda moja karibu na gare yetu ya Sakania, mwanaume mumoja aliweka chupa ya Tembo juu ya meza, akasema kwa sauti: «Hii njo Guinness ya Katanga.» Shofere wa kamio mwenye alitoka ngambo ya Ndola akacheka mpaka akakohoa. Kijana wa tatu akataka kuwapatanisha: «Muache kelele. Nyeusi ni nyeusi, zote ni moja. Na zote zinaongeza damu.»

Nilinyamaza, juu nilikuwa mugeni kwenye meza yao na ni wao walininunulia. Lakini hapa sitanyamaza. Walisema maneno matatu: Tembo ni Guinness, nyeusi zote ni moja, nyeusi inaongeza damu. Yote matatu ni uongo. La kwanza linanichekesha, la pili linanikasirisha kidogo, na la tatu linaumiza wamama wetu, zaidi sana wale wenye wamefika hapa na mutoto mugongoni na kitambaa kimoja cha nguo.

Siko mutu wa kukataza pombe. Nakunywa, na wenye wananijua wanajua. Ninyi wasikilizaji wenye kanisa lenu linakataza, munivumilie mupaka kwenye sehemu ya damu, juu ile inawahusu vilevile: hata katika nyumba zenye hazinywe pombe hata kidogo, chupa ya nyeusi inaingia kupitia mulango wa dawa.

Tuanze na ulimi. Nilinunua Tembo na Turbo King kwenye depo. Guinness, ile yenye wanaandika Foreign Extra Stout, niliipata kwa shofere. Shofere mwengine, mwenye anapanda kutoka Afrika Kusini, aliniuzia kopo la Castle Milk Stout. Nikamimina zote ine katika makopo ya kioo na kuyainua mbele ya dirisha, saa ine ya asubui, jua ikiwa wazi.

Jaribu hilo la dirisha linamaliza nusu ya mabishano. Mwangaza ulipita katika Tembo. Rangi yake ni kahawia yenye kuelekea wekundu, sawa chai yenye umeacha majani ndani kwa muda mrefu. Turbo King vilevile, lakini nzito zaidi kidogo. Guinness ilifunga dirisha kabisa, paka kwenye ukingo wa chini ndio kulionekana wekundu kidogo sawa kaa la makala lenye linaanza kuzimika. Milk Stout nayo ilifunga. Kwa hiyo mbili za kwanza haziko hata nyeusi. Ni za kahawia. Tunaziita nyeusi juu chupa ni ya kahawia na juu katika nganda hakuna mwangaza wa kutosha.

Kiisha nikakunywa. Tembo inanuka mukate wenye umetoka kwenye moto na sukari yenye imeanza kuungua. Inaanza na utamu, inapita laini, inamalizika upesi bila kuacha uchungu mingi. Ni pombe muzuri, na siku ya joto naipenda kuliko zote. Lakini hakuna kitu kimeungua ndani yake. Kwa ulimi wangu, Tembo ni ndugu wa Simba wa tumbo moja, kiwanda kimoja cha Lubumbashi, mwenye amevaa koti ya kahawia.

Turbo King iko na utamu zaidi, utamu wa zabibu zenye zimekauka, na inateremuka ikipasha koo moto. Mutu anakunywa ya kwanza akifikiri ni sukari, na kwenye ya pili anagundua kama kulikuwa pombe ndani. Watu wanaiita ya wanaume. Sijaona bado ulimi wa mwanaume na ulimi wa mwanamuke vikitofautiana, lakini tuache hayo.

Guinness ni jambo lingine kabisa. Unajua ule ukoko wa bukari wenye unabaki chini ya chungu, ule wenye watoto wanagombania kuukwangua? Pale penye umeungua sana mupaka umekuwa mweusi, weka pamoja na kahawa bila sukari. Hiyo njo pua yake. Mudomoni kuna uchachu mudogo wenye haujitangazi, kiisha uchungu unakuja na unakaa. Unameza, unaongea na jirani, unarudi, uchungu ungali pale. Mutu mwenye kuzoea Tembo akipewa hiyo kwa mara ya kwanza anakunja uso na kuuliza kama imeharibika. Haijaharibika. Inasema kitu kingine.

Milk Stout iko na ule mweusi wa kuungua, lakini umefunikwa, sawa kahawa yenye umetia maziwa na kijiko kimoja cha sukari. Utamu wake hauishe. Nitaeleza sababu, juu ni hapo kosa la kwanza linaanzia.

Rangi ya pombe inatoka kwenye nafaka, na zaidi kwenye moto. Unaloweka shayiri, inachipuka, unaikausha. Ukiikausha kwa moto mudogo unapata pombe ya manjano sawa Simba. Ukiongeza moto kidogo, nafaka inakuwa kahawia, inatoa mukate na karameli. Hiyo ni njia ya watu wa Munich, Ujerumani, na wenye wamefika Kinshasa wanajua chupa yenye inabeba jina la muji huo, Doppel Munich. Tembo na Turbo naziweka katika jamaa hiyo. Njia nyingine ni kuikaanga nafaka mupaka iungue sawa kahawa. Mu 1817 Muingereza mumoja, Daniel Wheeler, alipata haki ya chombo cha kuzungusha nafaka juu ya moto ili iwe nyeusi bila kuwaka. Tangu pale, kiasi kidogo tu cha nafaka ile kinatosha kufanya mutungi muzima kuwa mweusi. Kidogo tu! Mama, hapo ninaomba usikie muzuri: weusi wenye unaona katika kopo ni wa nafaka kidogo yenye iliungua. Haiko chuma, haiko damu, haiko nguvu.

Sukari ya Milk Stout nayo ni sukari ya maziwa. Chachu ya pombe haiwezi kuila, kwa hiyo inabaki ndani na inafanya utamu. Huko Uingereza, kiwanda cha Mackeson kiliuza ya namna hiyo tangu 1907, na watu wakaanza kuamini kama ni maziwa ya kweli, kinywaji cha wagonjwa na wamama. Kiisha Vita ya Pili ya Dunia, viwanda vya kule vikaacha kuandika neno maziwa juu ya chupa, juu serikali haikuitaka tena. Kwa hiyo msione haya. Wazungu walidanganywa na rangi na jina mbele yetu.

Na kwa sababu Sakania ni muji wa kubeba mizigo tangu reli ilipita hapa mu 1909 kuelekea Élisabethville, acha niwaambie neno moja lenye litawapendeza wabebaji wa gare. Pombe yenye ilizaa hizi nyeusi zote inaitwa porter, na porter kwa Kiingereza ni mutu wa kubeba mizigo. Mu miaka ya 1700, huko London, wabebaji wa bandarini na wa sokoni ndio walikuwa wanaikunywa sana, na jina lao likabaki juu ya mutungi. Ile yenye nguvu zaidi waliiita stout porter, ni kusema porter nzito. Polepole neno porter likaanguka na stout likabaki peke yake. Guinness ya Dublin, yenye ilianza mu 1759, ilikuwa mutengenezaji wa porter mbele ya kuwa jina la stout.

Leo watu wa pombe wanasema porter iko laini, na chokoleti ndani, na stout iko na kuungua zaidi. Ni kweli kwa chupa nyingi. Lakini mutu mwenye kukuambia kama kuna mupaka ulionyooka katikati ya mbili hizo, mwambie akuonyeshe bariere iko wapi na nani anapiga muhuri. Sisi watu wa mupaka tunajua namna mambo yanavuka usiku.

Kwa hiyo «nyeusi ni nyeusi» ni maneno ya mutu mwenye anakunywa kwa macho. Hata nguvu haifuate rangi. Guinness ile yenye wanamimina Dublin kutoka kwenye pipa, nyeusi kabisa, iko na alkoli karibu 4.2 kwa mia, chini ya bia nyingi za manjano. Foreign Extra ya Nigeria iko na 7.5. Jina moja, weusi mumoja, na moja inakaribia kuwa mara mbili ya nyingine. Zaidi ya ile: katika inchi mingi za inje, Guinness inapikwa kwa nafaka ya pale pale (Nigeria walitumia mutama na mahindi wakati serikali yao ilikataza kuingiza shayiri), kiisha wanachanganya na maji mazito meusi yenye yametoka Ireland, yenye kubeba rangi na ule uchungu wa kuungua. Ni kusema weusi unaweza kuingizwa katika pombe nyeupe sawa unavyotia rangi ya samaki katika muchuzi. Ladha yake ni ya kweli, mimi mwenyewe naipenda. Lakini damu ingeingia wapi?

Sasa tufike kwenye damu.

Mama mumoja mwenye familia yake ilikimbia upande wa Mitwaba alizaa hapa karibu na sisi. Ninaficha mambo kidogo ili asijulikane. Alikuwa amepauka, viganja vyeupe, anapumua haraka akisimama. Familia yenye ilimupokea, watu wa moyo muzuri, wakachanga franka. Wakanunua chupa mbili za pombe ya kahawia. Akakunywa moja asubui na moja jioni, yeye mwenye hakuwa amekunywa pombe maisha yake yote. Uso ukapata joto, macho yakangaa, watu wakasema: «Muone, damu inarudi.» Siku ya tatu hakuweza kusimama. Kwenye kituo cha afya walimutoboa kidole: malaria. Ile franka ya chupa mbili ingetosha kumulipia mutu wa moto kumupeleka siku ya kwanza.

Alipona. Lakini siku tatu za mama mwenye malaria na mutoto wa juma moja haziko kitu cha kucheza.

Tuhesabu, juu watu wanapenda kuniambia kama «ndani kuna chuma». Ndio, kuna chuma. Katika Guinness, kipimo cha kopo kubwa la Kiingereza, zaidi kidogo ya nusu ya litre, kunapatikana karibu miligramu 0.3 ya chuma. Mwanamuke mwenye mimba anahitaji karibu miligramu 27 kwa siku. Gawanya mwenyewe: makopo 90, zaidi ya litre 50 kwa siku moja. Mbele ya kupata damu utakuwa umezama. Na hiyo ni Guinness. Sasa Tembo na Turbo, zenye haziko hata jamaa yake, zimerizi sifa ya bure kwa sababu ya koti yao.

Sifa ile ilitoka wapi? Haikutoka kwa mababu zetu. Mu 1929 Guinness ilianza kutangaza katika magazeti ya Uingereza kama pombe yake ni muzuri kwako, na miaka mingi kulikuwa wanganga wa kule wenye waliipa wamama wenye kuzaa na watu wenye kutoa damu. Huku Afrika wakauza neno nguvu. Mu 1999 walitoa shujaa wa matangazo, Michael Power, mwanaume wa misuli mwenye kuokoa watu, na akaonekana kwenye televizyo na redio za inchi mingi za bara letu. Tangazo lilikwisha, imani ikabaki, na siku hizi tunaiita hekima ya wazee.

Wengine wananiambia: «Lakini nkambo wangu alikunywa nyeusi kisha kila kuzaa na alizaa nane.» Heshima kwa nkambo. Muulize vilevile alikula nini siku zile. Utasikia maini ya mbuzi, maharagi, lengalenga, ndagala, kuku mwenye bwana alichinja, na mashemeji wenye walikataza asichote maji kwa mwezi muzima. Pombe ilikuwa kwenye meza, na ikachukua sifa ya kuku.

Na maziwa? Hapa nitasema kweli yote, hata yenye inasaidia wapinzani wangu. Shayiri yenyewe inaweza kuamusha kidogo mwili wa mama utengeneze maziwa. Lakini alkoli inafanya kinyume: inazuia maziwa yasishuke vizuri, na inaingia ndani ya maziwa. Mu 1991, huko Philadelphia, Marekani, watafiti walipima watoto wachanga mama zao wakiwa wamekunywa alkoli kidogo. Watoto walinyonya mara mingi zaidi mwanzoni, lakini wakapata maziwa kidogo kuliko siku ya bila pombe. Mama anaona mutoto anavuta sana, anasema «maziwa yamejaa». Mutoto anavuta juu hapati. Kwa mama mwenye mimba ni wazi zaidi: hakuna kipimo cha alkoli chenye wanganga wanasema ni salama kwa mutoto mwenye yuko tumboni.

Ninyi familia zenye mumetoka Pweto, Mitwaba, Kivu au Tanganyika, najua juu ya nini chupa inavuta. Inauzwa kila kona, haiulize karatasi, haikuweke kwenye mustari tangu asubui, na mutu mwenye kukuletea anakuletea kwa mapendo. Kukataa ni vigumu kwa mutu mwenye analala katika nyumba ya wengine. Kwa hiyo maneno haya nayapeleka kwanza kwa wenye nyumba. Mukichanga franka kwa ajili ya mama mwenye kupauka, ya kwanza ni kumufikisha penye wanapima malaria. Ya pili, vidonge vya chuma, vyenye wanatoa siku ya kupima wamama wenye mimba. Avimeze hata kama choo kinakuwa cheusi. (Huo nao ni weusi, na wenyewe unatoka kweli kwenye chuma, ajabu ya dunia.) Ya tatu, chungu: maharagi, lengalenga, ndagala, maini kama franka imefika, na kipande cha ndimu, juu ndimu inasaidia chuma kuingia na chai inaizuia. Chai mumupe saa zingine, haiko pamoja na chakula. Na alale chini ya chandarua, yeye na mutoto.

Kama ni lazima mumupe kinywaji cha heshima, munkoyo iko. Munkoyo ya siku moja, yenye maji yake yalichemka, tamu, bado haijapata ukali. Ikilala siku mbili tatu inaanza kuwa pombe, na pale muwaachie wanaume. Lutuku sitaitaja, juu sijasikia bado mutu akisema inaongeza damu, na sitaki kuwapa wazo.

Kuna mutu ataniambia ninaharibia wauzaji biashara. Kinyume chake. Pombe yenye inauzwa sawa dawa, hakuna mutu anaionja: anafunga pua na kumeza. Tembo inastahili zaidi. Inastahili mutu aseme kama inanuka mukate, na kama inapendeza na samaki wa kukaanga kuliko na mbuzi. Guinness inastahili nyama ya kuchoma yenye imeungua pembeni, uchungu kwa uchungu. Na zote mbili, muache kuzigandisha katika frigo mupaka meno yanauma, juu baridi kali inaua ladha na inabakiza paka povu. Siku umeme unakatika, watu wa Simba wanalia. Mutu wa stout anangoja dakika makumi mawili, chupa ipate joto kidogo, kiisha anakunywa muzuri kuliko wote.

Nimemutumia ujumbe yule kijana wa «zote ni moja». Siku ya posho yenye kuja, nganda ile ile, saa kumi na moja. Shofere amesema ataleta Guinness mbili. Tembo na Turbo nitanunua mimi. Yeye alete kitambaa cha kujifunga macho.